Rekodi adimu za Mwenda wa Bunkeya: Lualaba yauza kobalti, gitaa lake lahifadhiwa ugenini

Kila siku malori yenye shehena ya shaba na kobalti hutoka Kolwezi, hupita Likasi na Lubumbashi, kisha hupanga foleni ndefu kwenye mpaka wa Kasumbalesa yakisubiri kuingia Zambia. Kila tani hupimwa, huandikwa na kutozwa ushuru. Tangu Februari 2025, serikali ya Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili kuinua bei, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka kikomo cha tani ambazo kila kampuni inaruhusiwa kuuza, swali la nani anafaidika na mali ya Lualaba limekuwa gumzo kuanzia maofisini hadi kwenye vibanda vya wauza vocha.

Ipo mali nyingine iliyotoka katika ukanda huu, na hiyo hakuna aliyeipima mpakani. Ilitoka mwaka 1952, ndani ya mashine ya kurekodia sauti ya mtafiti mmoja Mwingereza. Ilikuwa ni sauti ya kijana wa miaka 22 aliyekuwa akipiga gitaa kavu mjini Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Kijana huyo aliitwa Mwenda Jean Bosco.

Rekodi zile zilivuka mipaka yote ambayo shaba imewahi kuvuka. Zilisikika Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na Johannesburg, na baadaye zikaingia katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Leo, wapiga gitaa wa London au Vienna wanaweza kueleza kidole kipi cha Mwenda kiligusa waya upi. Huku nyumbani, kizazi kilichozaliwa wakati kobalti ikipamba moto kinalijua zaidi jina la kampuni inayomiliki mgodi wa jirani kuliko jina la mwanamuziki aliyelibeba jina la Katanga duniani kabla ya kobalti kutafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme.

Wakati Kongo inadai sehemu kubwa zaidi ya thamani ya madini yake, hoja hiyohiyo inapaswa kuulizwa kuhusu sauti: nani anazo, nani anazilipia, na je, mtoto wa Bunkeya anaweza kuzisikiliza zikiwa na jina, tarehe na maelezo yake kamili?

Kijana wa mji wa M'siri

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji ulio leo katika wilaya ya Lubudi, jimbo la Lualaba. Bunkeya si kijiji cha kawaida. Katika karne ya 19 ulikuwa makao makuu ya Mwami M'siri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akavutwa na pembe za ndovu na shaba, akajenga dola ya Wayeke katikati ya Katanga. Misafara ya Waswahili ilifika kwake. Aliuawa Desemba 20, 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na tangu hapo shaba ya Katanga ikawa na mwenyewe mwingine.

Historia hiyo inaeleza pia lugha ya nyimbo za Mwenda. Kiswahili kilifika Katanga na misafara, kisha kikapata nguvu mpya pale kampuni ya Union Minière ilipowaleta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Watu wa makabila mengi waliwekwa pamoja katika kambi za migodi, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini, sokoni na baa. Mwenda aliimba kwa Kiswahili hicho, na pia kwa lugha nyingine za eneo hilo. Ndiyo maana msikilizaji wa Mombasa au Tabora aliweza kumwelewa, hata kama baadhi ya maneno yalimchekesha.

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta Jadotville. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ulikuwemo "Masanga", ambao ulishinda tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika na kuwa wimbo uliomtambulisha Mwenda kwa maisha yake yote. Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwa nembo ya Gallotone.

Nembo hiyo ina kisa chake katika historia ya muziki wa roki. Gallo haikuuza santuri tu, iliuza pia magitaa ya bei nafuu. Mojawapo, lililoitwa Gallotone Champion, lilifika Liverpool mikononi mwa kijana John Lennon, na ndilo alilopiga Julai 6, 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa kwenye mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000. Nembo moja, wapiga gitaa wawili vijana, miaka mitano kati yao. Gitaa la mmoja limekuwa kitu cha makumbusho, na rekodi za mwingine zinatafutwa na wachache wanaojua pa kuzitafuta.

Hakuna "Masanga" mbili zinazofanana

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa wimbo tayari uko kwenye santuri, rekodi za maonyesho yake ya moja kwa moja zina umuhimu gani?

Jibu liko katika namna Mwenda alivyopiga. Alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba lilishika besi na mwendo, shahada ikatoa sauti ya juu, na kati ya hivyo viwili msikilizaji husikia kama magitaa mawili yanayojibizana. Juu yake akaongeza sauti yake mwenyewe, mara nyingi ikiwa na mapigo tofauti na ya vidole. Wengi waliosikia santuri zile kwa mara ya kwanza waliamini kuwa wanasikia watu wawili.

Zaidi ya hapo, hakurudia wimbo kama ulivyokuwa jana. Mwanamuziki na mtafiti David Rycroft alipochambua nyimbo zake na kuzichapisha katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, aliweka neno la kubuni papo hapo katika kichwa cha kazi yake. Alionyesha kuwa kila ubeti ulikuwa na mabadiliko madogo: noti imeongezwa hapa, pigo limecheleweshwa pale, besi imegeuzwa. Wimbo ulikuwa kama njia inayojulikana, na kila safari ikawa na vituo vyake.

Kwa muziki wa aina hiyo, santuri moja ya dakika tatu ni picha moja ya mtu aliyekuwa akitembea. Santuri za wakati ule zilikuwa na kikomo hicho cha dakika, na mpigaji alilazimika kukatiza. Rekodi ya mbele ya watu, au ile aliyokaa na mtafiti bila haraka, huonyesha alivyoanza, alivyotafuta njia, na alivyoweza kukaa juu ya mzunguko mmoja hadi auchoshe. Kwa kijana anayetaka kujifunza, tofauti kati ya rekodi mbili za wimbo mmoja ndiyo mwalimu. Wazee waliopiga naye wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na mwalimu aliyebaki ni kanda.

Nairobi, Newport, Cape Town

Kadiri miaka ilivyopita, kanda hizo zilitawanyika kwa sababu mwenyewe alisafiri. Umaarufu wa santuri ulimfikisha Nairobi, ambako alitumbuiza na kusikika redioni, kama alivyofanya pia Edouard Masengo, mpiga gitaa mwingine kutoka Katanga. Wapiga gitaa wa Kenya wa wakati ule waliwasikiliza kwa makini. Athari ya mtindo wa vidole viwili inasikika katika nyimbo nyingi za gitaa kavu zilizorekodiwa Kenya miaka ya 1950 na 1960.

Julai 1969 alikuwa Marekani, kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport. Hilo ndilo jukwaa ambalo miaka minne kabla Bob Dylan aliwaudhi mashabiki wake kwa kupanda na gitaa la umeme, na mwaka ule wa 1969 walikuwepo Van Morrison, Joni Mitchell na James Taylor. Ilikuwa wikiendi ambayo binadamu alikanyaga mwezi. Mtu wa Bunkeya alikuwa mmoja wa waalikwa katika tamasha lililokuwa likiamua mwelekeo wa muziki wa vijana wa Magharibi.

Mwaka 1979, Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi za Mobutu, kwa lengo la kujifunza mitindo ya gitaa ya miaka ya 1950 na 1960 kutoka kwa Mwenda, Masengo na Losta Abelo. Kumbukumbu za safari yake zilichapishwa Vienna mwaka 1982. Mwaka huo wa 1982 Mwenda mwenyewe alikwenda Ujerumani kutumbuiza na huko pia akarekodiwa. Mwaka 1988 alirekodi nyimbo zake Cape Town, na miaka ya 1990 kampuni ya Rounder ya Marekani ikazitoa kwenye CD.

Mwenyewe hakuishika CD hiyo. Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60.

Ukifuata safari hiyo kwenye ramani, unapata orodha ya mahali sauti yake ilipo: Makhanda nchini Afrika Kusini, ambako maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954 imewekwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Ujerumani, Marekani, na Uholanzi, ambako kampuni ndogo ya SWP ilitoa upya rekodi za Tracey za chimbuko la gitaa la kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Ni orodha ya kuheshimika. Kasoro yake ni kwamba Kolwezi na Bunkeya hazimo.

Kwa nini nyumbani alififia

Lawama zote kuwatupia wageni ni rahisi, na si haki. Tracey na wenzake wangeweza kupita Jadotville bila kusimama, na leo kusingekuwa na cha kurudisha. Sababu za Mwenda kufifia nyumbani zina mizizi ndani ya nchi pia.

Ya kwanza ni umeme. Kuanzia miaka ya 1950, Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa na studio, kituo chenye nguvu cha redio, na bendi kubwa zenye magitaa ya umeme na tarumbeta. Mpiga gitaa mmoja aliyekaa kwenye kiti alianza kuonekana wa zamani. Mwenda mwenyewe baadaye alikuwa na bendi Lubumbashi, kwa kuwa ndivyo wateja walivyotaka.

Ya pili ni lugha na siasa. Katanga ilijitenga mwaka 1960 na kurudishwa kwa nguvu mwaka 1963. Baada ya hapo, chini ya Mobutu, Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi na ya muziki uliopewa nafasi kitaifa. Wimbo wa Kiswahili kutoka kusini-mashariki haukukatazwa, lakini haukuwa sura ya taifa. Hata Desemba 2021, UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, sherehe zilikuwa za Kinshasa na Brazzaville. Rumba ilistahili. Ila gitaa la Katanga, lenye chimbuko na ufundi wake, halikuwa na wa kulisemea.

Ya tatu ni kuhama. Wanamuziki wa ukanda wa shaba walijifunza mapema kwamba soko liko mashariki. Mfano unaojulikana zaidi ni Orchestra Super Mazembe, iliyoanzia Kongo mwishoni mwa miaka ya 1960 ikiitwa Super Vox, na ambayo Wakenya wanaihesabu kuwa yao tangu ilipohamia Nairobi mwaka 1974. Jina lake lenyewe linakumbusha mitambo mikubwa ya kuchimbua ardhi. Muziki ulifuata barabara ya madini, na kama madini, wengi wa waliokwenda hawakurudi.

Somo kutoka ng'ambo ya mpaka

Kuna kisa cha karibu kinachoonyesha kwamba rekodi zilizosahaulika zinaweza kumfaa aliyezirekodi. Kiko ng'ambo ya mpaka tu, katika miji ya shaba ya Zambia.

Miaka ya 1970, vijana wa Kitwe, Ndola na miji jirani walipiga roki ya magitaa ya umeme yenye makelele, waliyoichanganya na mapigo ya nyumbani. Mtindo huo ukaitwa Zamrock. Kundi lililoongoza liliitwa WITCH, na mwimbaji wake alikuwa Emanuel Chanda, maarufu kama Jagari. Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya miaka ya 1970, uchumi wa Zambia uliyumba, kumbi zikafungwa, na baadaye ukimwi ukawaua wanamuziki wengi. Jagari aliishia kutafuta riziki katika uchimbaji wa vito.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani waligundua kwamba nakala chache zilizobaki zilikuwa zikiuzwa kwa bei kubwa. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikazitoa upya. Filamu kuhusu WITCH ilitoka mwaka 2019, na mwaka 2023 Jagari, akiwa mzee, akatoa na kundi hilo albamu mpya iitwayo "Zango" na kuzunguka nayo kwenye majukwaa ya dunia.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba thamani ya rekodi ya zamani ni ya kweli: ina wanunuzi, ina tiketi, ina ajira. La pili ni chungu zaidi. Jagari alifaidika kwa sababu alikuwa hai. Wenzake wengi wa mwanzo walikuwa wameshafariki. Kwa marehemu, anayeweza kufaidika ni familia na mji wake, na hao hufaidika tu ikiwa kuna karatasi zinazoonyesha nani aliimba nini, lini, na kwa makubaliano gani.

Hilo linawahusu pia walio hai leo. Katika mitaa ya Lubumbashi, vijana hupiga karindula, ala kama banjo kubwa ya nyuzi nne inayotengenezwa kwa pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi. Ni muziki wa vilio, matanga, pombe ya kienyeji na vichekesho, unaopigwa kwa saa nyingi bila kupumzika, na ambao redio rasmi haukuupa nafasi kubwa. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa rekodi za moja kwa moja za makundi ya karindula pamoja na video zake. Kazi ilikuwa nzuri na makundi yakajulikana. Lakini njia iliyopitiwa ni ileile ya mwaka 1952: sauti ikarekodiwa barabarani kusini-mashariki mwa Kongo, ikahaririwa na kuuzwa kutoka nje.

Nani mwenye sauti?

Katika biashara ya santuri ya miaka ya 1950, desturi katika sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kumlipa mwanamuziki mara moja, mkononi, baada ya kurekodi. Wengi hawakubaki na mkataba. Santuri ikiuzwa nakala 100 au 100,000, kwa mpigaji ilikuwa hesabu moja.

Sheria za leo zina mtazamo mwingine. Mkataba wa Berne, ambao Kongo ni mwanachama wake, unalinda kazi ya mtunzi kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mwenda aliyefariki mwaka 1990, nyimbo alizotunga bado zina ulinzi hadi mwisho wa mwaka 2040 kwa uchache. Hivyo kuna tofauti ambayo mara nyingi hupotea katika mjadala: mwenye kanda na mwenye wimbo ni watu wawili. Maktaba inaweza kumiliki mkanda uliorekodiwa mwaka 1952 na kuutunza vizuri, lakini utunzi unabaki kuwa wa mtunzi na warithi wake. Kila matumizi ya kibiashara, iwe katika filamu, tangazo au huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, yana sehemu yao.

Kongo ina shirika la kukusanya hakimiliki, SOCODA, lenye makao Kinshasa. Ili shirika lolote likusanye mrabaha, sharti kwanza lijue kazi ipo. Wimbo usioandikishwa na warithi hauingii kwenye hesabu, hata ukisikilizwa na watu milioni moja. Hapo ndipo orodha kamili ya rekodi inapogeuka kutoka kuwa kazi ya wasomi na kuwa suala la fedha. Kila rekodi adimu inayopatikana bila jina sahihi, bila tarehe, au ikiwa na jina lililokosewa herufi, ni mlango ambao mrabaha hauwezi kuupita.

Intaneti haijaondoa tatizo hilo, imelifanya kuwa gumu zaidi. Mwenye simu Kolwezi anaweza leo kutafuta "Masanga" na kuupata. Anachopata mara nyingi ni sauti iliyopandishwa na mtu asiyejulikana, bila kuambiwa ni rekodi ya mwaka gani, ilirekodiwa wapi, na nani anayepokea fedha za matangazo yanayotangulia wimbo.

Kurudisha sauti kunawezekana

Miaka ya karibuni mjadala wa kurudisha urithi wa Afrika umejikita kwenye vitu vinavyoonekana. Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kilichotolewa kwa mkopo usio na kikomo kwa Makumbusho ya Taifa. Mwezi huohuo jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga Januari 17, 1961, lilikabidhiwa kwa familia yake na kurudishwa nchini.

Kurudisha sauti ni rahisi kuliko kurudisha kinyago, kwa sababu aliyenayo hapotezi kitu. Nakala ya kidijiti huenda na asili hubaki. Na mifano ipo. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, yameipatia Rwanda nakala za kidijiti za maelfu ya rekodi za muziki zilizokusanywa enzi za ukoloni. Nchini Kenya, maktaba ya Makhanda ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kurudisha rekodi za Tracey katika jamii zilikotoka, ikiwemo ya Wakipsigis, ambao wimbo wao wa mwaka 1950, "Chemirocha", ulitokana na jina la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers. Baadhi ya waliorekodiwa au ndugu zao walisikia sauti hizo kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 60.

Uzoefu wa Kenya unafundisha pia kwamba kukabidhi diski kwa kiongozi na kupiga picha hakutoshi. Kinachodumu ni kukaa na wazee, kuwachezea rekodi, na kuandika wanachokumbuka: nani yule anayeitikia nyuma, wimbo ulitungiwa nani, neno lile lilimaanisha nini wakati ule. Rekodi inarudi ikiwa imepungukiwa na habari, na watu wa nyumbani ndio wanaoikamilisha. Kila mwaka unaopita, idadi yao inapungua.

Gharama ya chumba kimoja

Pingamizi kubwa ni la haki. Katika mitaa ya Kolwezi ambako watu wamechimba kobalti hadi chini ya nyumba zao, kama ilivyotokea Kasulo, na ambako familia nyingi zinahangaikia maji safi, ada na dawa, kuzungumzia kanda za mwaka 1952 kunaweza kuonekana anasa ya walioshiba.

Lakini hesabu haziungi mkono pingamizi hilo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa ajili ya miradi ya maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Aidha, sehemu ya mrabaha wa madini inakwenda kwa jimbo na kwa serikali za mitaa. Fedha hizo zinapaswa kujenga shule na visima kwanza, hilo halina ubishi. Chumba kimoja chenye kompyuta, spika, umeme wa jua na mtu mmoja anayelipwa kukitunza, Kolwezi au Bunkeya, hakiwezi kuwa sababu ya kisima kutochimbwa. Shule iliyojengwa kwa fedha hizohizo inaweza kuwa ndiyo chumba chenyewe.

Kazi nyingine hazihitaji hata fedha nyingi. Serikali ya jimbo inaweza kuandika barua rasmi kwa Makhanda na kwa hifadhi nyingine kuomba nakala na orodha kamili. Warithi wanaweza kusaidiwa kuandikisha nyimbo. Redio za Kolwezi zinaweza kutenga saa moja kwa wiki kwa muziki wa gitaa la Katanga na kuwaalika wazee waeleze. Makao ya kimila nayo, ya Mwami huko Bunkeya na ya Mwant Yav huko Musumba, yamehifadhi historia kwa mdomo kwa vizazi, na yanaweza kuwa mahali pa kuziweka nakala ambapo hazitabadilishwa kila gavana anapobadilika.

Kuna pia la kuwafanyia walio hai. Kila anayekuja leo na kamera au kinasa sauti kurekodi karindula, kwaya au wapiga gitaa wa mitaani anaweza kutakiwa kuacha nakala kamili jimboni na mkataba ulioandikwa kwa lugha ambayo mwanamuziki anaielewa. Kampuni ya madini haitoi hata kilo moja bila hati. Si jambo kubwa kutaka sauti nayo iwe na hati yake.

Miaka mingi kabla ya treni ya kwanza kufika, mafundi wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kuitengeneza kwa umbo la msalaba, ikatumika kama fedha hadi mbali. Waliiuza, lakini iliondoka ikiwa na umbo walilolichagua wao. Mwenda alifanya vivyo hivyo na gitaa lililotoka ugenini: alilipa umbo la nyumbani, likatambulika popote liliposikika. Madini yaliyotoka Lualaba mwaka 1952 yameshakwisha kutumika na hakuna anayeweza kuyarudisha. Sauti iliyotoka mwaka huo ipo bado, imetunzwa na inaweza kunakiliwa. Kinachosubiriwa ni barua kutoka Kolwezi ya kuiomba.